Hatukuizima Dodoma

Kwa kuwa Mangi, mwenzangu wa kazini, ameshatangaza kwenye magrupu yote kwamba nimeizima Dodoma, na toleo lake la jana usiku lina hadi taa za barabarani kuzimika, acheni niseme mwenyewe. Sikuizima Dodoma. Nilizima kituo chetu cha data kilichoko Dodoma. Dakika 42 tu.

Tangu ile Jumapili ya Mei 12, 2024, EASSy na Seacom, zile nyaya zinazotuletea intaneti, zilipokatika baharini kwa mpigo tukabaki tunaangalia kiduara kikizunguka, bosi wetu ana neno moja: mbadala. Nikachora. Dar watoa huduma wa intaneti wawili, Dodoma wawili, BGP (lugha ambayo ruta hupeana njia za intaneti) inaamua njia, laini moja ikifa nyingine inabeba. Mchoro una rangi nne. Nilitembea nao ofisini kama cheti cha ndoa.

Juzi nikaitwa kuuonyesha kwa wakubwa. Chumba cha mikutano Dar, projekta, sambusa. Nikatamba: "Greda likikata faiba Dodoma sasa hivi, nyie mtaendelea kula sambusa bila habari."

Nikaingia kwenye ruta ya Dodoma kutoka pale pale Dar, kupitia intaneti hiyo hiyo niliyokuwa naenda kuizima. (Wale wa mitandao mmeshaona, nyamazeni kwanza.) Upande mmoja wa ukuta pingi, yaani kuiita Dodoma na kusubiri iitikie, inatiririka, mstari kwa mstari, raha tupu. Upande wa pili nikaandika amri ya kumzima mtoa huduma wa kwanza. Nikagonga Enter kwa kidole kimoja, kwa madaha, mkono mwingine mfukoni.

Kishale kikaganda.

"Inahama," nikasema. BGP haina haraka, kila mtu anajua. Pingi ikatoa mstari: hakuna jibu. Wa pili. Wa tano, nikatabasamu. Wa tisa, nikanywa maji. Jasho likaanzia nyuma ya sikio la kushoto, nalisikia linavyoteremka, likafika kwenye kola, likatulia pale kama na lenyewe linasubiri majibu. Wa ishirini. Mkuu wa fedha akaacha kutafuna. Hapo ndipo nikakumbuka, jamani. Wiki mbili nyuma, wakati namjaribu mtoa huduma wa pili, niliweka filta ya kuzuia kila kitu, njia isiingie wala isitoke, ili nisiharibu. Sikuitoa. Kwa wiki mbili muunganisho ule ulisimama kijani kibichi, "Established", yaani umeunganika, lakini umebeba njia sifuri. Nilikuwa naangalia kijani. Ile sifuri pembeni niliiona kama pambo.

Bosi, taratibu kabisa: "Hii ndiyo hatutakuwa na habari nayo?"

Mnakumbuka Oktoba 4, 2021, Facebook walipofuta njia zao wenyewe wakapotea kama saa sita? Mimi niliwacheka kwa SMS, maana WhatsApp nayo ilikuwa imelala. Basi nimelipa.

Dodoma saa ile alikuwepo mzee wetu mlinzi peke yake. Nikapiga, spika wazi kwa amri ya bosi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Habari za Dar?"

"Nzuri, mzee, naomba..."

"Mama watoto?"

"Hajambo."

"Joto huko?"

Nikamwangalia bosi. "Lipo, mzee."

Nikamwomba achomoe waya wa umeme wa ruta, asiguse ile ya njano.

"Mwanangu, huku yote ya njano."

"Zunguka nyuma, mzee."

Kilichoniokoa ni uzembe wa pili: ile amri sikuwa nimeihifadhi, kwa hiyo ruta ilipowaka ikarudi ilivyokuwa asubuhi. Filta nimetoa. Siku hizi Dodoma naingia kwa modemu ya laini ya simu, na kabla sijagusa kitu naiagiza ruta ijiwashe upya baada ya dakika 10, nikijifungia nje initafute yenyewe. Sambusa zangu alikula Mangi, ndiyo maana ana nguvu za kusambaza.

Mzee wa Dodoma naye sasa ananipigia kila asubuhi. Shikamoo, marahaba, mama watoto, joto, halafu: "Leo tunachomoa?"