Mkono wa chuma mbele ya waamuzi

Mwanafunzi wa Vovinam, sanaa ya mapigano ya Vietnam, kabla hajarusha pigo lolote, huweka kiganja cha kulia juu ya moyo na kuinama. Ishara hiyo humaanisha mkono wa chuma unaotawaliwa na moyo wa huruma. Wapenzi wa sanaa za mapigano za Vietnam wanabishana kama bado ina uzito mbele ya waamuzi wanaohesabu alama, hasa baada ya Vovinam kuingizwa katika Michezo ya Asia ya Kusini-Mashariki mwaka 2011.

Wenye shaka hutolea mfano Bình Định, eneo la katikati mwa Vietnam, chimbuko la waasi wa Tây Sơn walioinuka mwaka 1771 na ambao, wakiongozwa na Nguyễn Huệ, waliwatimua askari wa Qing, watawala wa China wa wakati huo, mwaka 1789. Huko mafunzo yalilelewa vijijini na katika familia, hata ukapatikana msemo kwamba fimbo ni ya kijiji cha Thuận Truyền na ngumi ni za kijiji cha An Thái. Mwalimu aliyemjua mwanafunzi tangu utotoni, pamoja na hasira zake, aliweza kumnyima mbinu za hatari mpaka aridhike na mwenendo wake, kazi ambayo jopo la waamuzi haliiwezi. Uwanjani kinacholipa ni kile kinachoonekana: mkasi wa miguu unaorukia shingo ya mpinzani hushangiliwa, ilhali subira haina alama.

Hoja hiyo ni nzito, ila inausamehe usiri mno, kwa kuwa mbinu iliyofichwa ndani ya ukoo mmoja huzikwa na mzee asiyepata mrithi. Tena Vovinam yenyewe si ya kale kama wengi wanavyodhani. Nguyễn Lộc aliiasisi Hanoi mwaka 1938, chini ya utawala wa Wafaransa, akichukua mieleka ya jadi na kuichanganya na mbinu nyingine ili kuimarisha miili na nia za vijana wa nchi iliyotawaliwa. Mwaka uliofuata ilionyeshwa hadharani. Anayeona jukwaa kuwa usaliti wa asili atapata shida kumweleza mwasisi huyo.

Kwa maoni yangu, medali haina kosa. Kinachopotea ni muda. Mtihani wa kupanda mkanda bado una maswali ya falsafa, lakini majibu hukaririka kwa juma moja, wakati tabia humtaka mwalimu akae na mwanafunzi miaka, na klabu inayokimbilia mashindano haina miaka hiyo. Mkanda mweupe, ambao katika karate huvaliwa na anayeanza, Vovinam imeuweka juu kabisa, na hakuna shindano linaloutoa.