Khole sio jina lililokosewa

Mdogo wangu kajifungua mtoto wa kike mwezi uliopita, alhamdulillah, na siku ya saba haijafika grupu la familia lilishawaka moto kwa ajili ya jina. Baba wa mtoto anataka jina ambalo halipo mtaani. Akaleta orodha ndefu aliyoitoa mitandaoni, majina matamu kweli masikioni, lakini ukitazama maana kila moja ni ua la peponi au nuru ya peponi, ukienda kwa ustadhi anayekijua Kiarabu anakwambia neno hilo halijui kabisa. Mama yetu alikaa kimya siku mbili anasikiliza tu, alafu akatuma voisi fupi: "Muiteni Khole. Jina la bibi yenu."

Basi hapo ndo ikawa tafrani. Huyu anasema jina la kizee, yule anasema mtoto atachekwa skuli, na shemeji yangu mmoja, mtu msomi na muungwana, yuko Maskati miaka mingi, akaandika kwa upole kabisa kwamba Khole sio jina, jina ni Khaula, wazee wetu walishindwa tu kulitamka. Hiyo kauli ndo imenikalisha kuandika, maana nimeshaisikia kwa majina mengi ya pwani na kila nikiisikia inaniuma.

Kweli, Khole na Khaula ni jina moja, hapo hatubishani. Khaula kwa Kiarabu ni paa jike. Waarabu wa zamani hawakuona kiumbe mzuri kama paa, yale macho, ile shingo, ule mwendo wa tahadhari, ndo maana wakawapa mabinti zao majina ya wanyama wa namna hiyo kibao. Rim ni paa mweupe, Rasha ni mtoto wa paa, Maha ni choroa, Arwa ni wale mbuzi mwitu wa milimani. Leo Rim na Maha yanaonekana ya kisasa, watu wanayakimbilia, na Khaula ambaye ni ndugu yao wa damu anaambiwa kizee.

Kuna kosa moja kwenye maana nataka nilisahihishe kwa sababu nimelikuta hata kwa watu wa dini. Wengi wetu kh tunaitamka h, kama tulivyofanya kwenye habari na hatari, kwa hiyo Khaula anakuwa Haula, na mtu akisikia Haula moja kwa moja anakumbuka "la haula wala quwata", anasema aah, basi jina hili maana yake ni nguvu au uwezo. Hapana. Ile haula ni kwa ile ha nyingine ya Kiarabu, ha ya Muhammad, na hii ni kha ya kheri. Herufi mbili tofauti na maneno mawili tofauti.

Na ukongwe wake sasa. Jina hili lina umri kuliko Uislamu. Tarafa, mshairi wa Kiarabu aliyekufa kijana mdogo wa miaka ishirini na kitu kabla Mtume hajapewa utume, anaanza shairi lake kubwa kwa jina hilo hilo, yaani neno la kwanza kabisa ni la Khaula. Anataja mahali ambapo watu wa Khaula walipiga kambi wakahama, na yale mabaki ya kambi anayafananisha na chale za rangi zilizobaki nyuma ya mkono. Mimi kila nikikumbuka mfano huo nauona mkono wa bibi yangu, ngozi imekunjamana, hina ya Idi imeshafifia imebaki rangi ya chungwa kwenye kucha tu.

Lakini Khaula ninayempenda mie kuliko wote ni Khaula bint Thaalaba, wa Madina. Mumewe, Aus, alikasirika akamwambia wewe kwangu ni kama mgongo wa mama yangu. Zama zile neno hilo likishatoka mke kaharamika, na mume akitaka anamuacha hivyo hivyo ananing'inia, hana ndoa na wala hana talaka. Bi mkubwa huyu hakukubali. Akenda kwa Mtume mwenyewe akajieleza, akaambiwa hakuna hukumu nyingine, akarudi kujieleza tena, ujana wangu nimemmalizia yeye, watoto nimemzalia, leo nimezeeka ndo ananifanya mama yake? Akawa analalamika kwa Mungu pale pale. Zikashuka aya za mwanzo za sura ya 58 ya Kurani, Al-Mujadila, yenye aya 22, na aya ya kwanza inasema Mwenyezi Mungu keshasikia maneno ya mwanamke anayejadiliana nawe kuhusu mumewe. Mume anayesema neno lile akitaka kurudi kwa mkewe sharti kwanza aache mtumwa huru, asipoweza afunge miezi miwili mfululizo, asipoweza alishe maskini 60. Na inapokelewa kwamba baadae Umar akiwa khalifa bibi huyu, keshazeeka, alimsimamisha njiani akampa nasaha ndefu na Umar kasimama anasikiliza, waliokuwa nae wakashangaa, akawaambia huyu Mungu kamsikiliza kutoka juu ya mbingu saba, mimi Umar nani nisimsikilize.

Sasa niambie, binti akiitwa jina hilo atachekwa kwa lipi?

Wapo Khaula wengine. Khaula bint Hakim ndo aliyempelekea Mtume fikra ya kuoa tena baada ya kufariki Bi Khadija. Na Khaula bint al-Azwar, yule wa upanga na farasi kwenye vita vya Sham, yaani upande wa Syria, huyo ndo maarufu zaidi mitandaoni na Abu Dhabi kuna chuo cha kijeshi cha wanawake chenye jina lake, ingawa wanahistoria wengi wana shaka nae kwa sababu kisa chake kimetoka kwenye vitabu vya masimulizi vilivyokuja baadae. Mimi simuhitaji huyo kulitetea jina, yule wa Madina ananitosha.

Nirudi kwa shemeji. Anasema o ya Khole ni ulimi wa Kiswahili kushindwa. Lakini ndo tulivyolipokea neno baada ya neno: taubatu kwetu ni toba, daula ni dola, khauf ni hofu, jauhar ni johari. Nani leo anasema dola ni kosa? Tena Waarabu wenyewe wakiwa wanaongea, sio wakisoma kitabu, neno la siku wengi wanasema yom, hawasemi yaum, kwa hiyo Khola unaisikia hata kwao. Pale pale Maskati kuna hospitali kubwa, wenye jamaa zetu kule wanaijua, kwa herufi za Kizungu imeandikwa Khoula, na o imo. Wamoroko na Waaljeria wanaandika Khaoula na kwao ni jina la kawaida, Wapakistani Khola, Waturuki Havle. Kila mtu kalivalisha nguo yake na hajaambiwa kakosea, isipokuwa sisi, tena tunaambiana wenyewe kwa wenyewe.

Na ile e ya mwisho ni ile ile ya Salme, binti wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, ambaye Waarabu wanamwandika Salma au Salima. Huyo Salme alikuwa na dada yake kwa baba anaitwa nani? Khole. Kwenye kitabu cha maisha yake alichokitoa kwa Kijerumani 1886 anamsifu dada huyu uzuri mpaka anasimulia kwamba mwanamme mmoja alisimama kumtazama dirishani, mkuki wake ukamchoma mguu damu inatoka na yeye hana habari. Khole huyo huyo ndo aliyemvuta Salme kwenye ile njama ya 1859 ya kaka yao Barghash kutaka kumpindua ndugu yake Majid aliyekuwa sultani, njama ikafeli, Barghash akapelekwa Bombay. Kwa Kijerumani kaandikwa Chole, maana wao kh yao ni ch, na siku hizi nasikia vijana wanasoma Chole kama kile kisiwa cha Mafia.

Nyumba yake ipo mpaka leo, magofu ya Bi Khole, kule Bungi, na barabarani kuna ile miembe mikubwa pande mbili, ukipita na daladala mchana jua kali ghafla unaingia kwenye kivuli na ubaridi unakupiga usoni. Sisahau kwamba mashamba ya zama zile yalilimwa na watumwa, na ukisimama pale lazima ulikumbuke hilo pia. Lakini jina limekaa Unguja kwa wenye majumba na kwa wakulima vile vile. Bibi yangu alikuwa mkulima wa mpunga, na yeye alipewa jina la bibi yake.

Alipofariki tulifungua sanduku lake. Kadi ya kliniki imeandikwa Kole, kadi nyingine Hole, na karatasi ya shamba Haula. Kuna ofisi ilimrudisha nyumbani mara mbili kwa sababu karatasi hazifanani, kapanda gari toka shamba na mguu unamuuma, anaulizwa wewe hasa nani. Hakuna hata karatasi moja kati ya zile iliyoandikwa vile alivyokuwa akiitwa na kila mtu kijijini. Kwa hiyo shemeji aliposema tuandike Khaula ndo sahihi, mie nilimjibu Khaula ni jina zuri sana, na mwenye kulitaka ampe mwanawe, lakini huyu anaitwa kwa ajili ya bibi, na bibi hakuwa Khaula.

Mdogo wangu akasema sawa. Siku ya akika mtoto kanyolewa, kalala mapajani kwa mama yangu kafungwa kanga moja ya bibi, ile ya zamani iliyochujuka, na baba yake ndo aliyekwenda kuandikisha. Nilimpa kakaratasi nimeandika kwa herufi kubwa, K, H, O, L, E, nikamwambia usiondoke dirishani mpaka umeisoma mwenyewe. Karudi na cheti, tumekipiga picha na kumrushia shemeji Maskati. Kajibu dua ndefu ya kheri kwa mtoto, na jina kaliandika Khole.