Zimamoto wa Chumba cha Sindano

Naona kwenye grupu la darasa letu la unesi stika imeshatembea na jina nimepewa: Zimamoto, eti nimeharibu sindano nikakimbilia chooni. Sawa. Ila huyo mtangazaji wenu aliyeisambaza habari alikuwa mlangoni anapanga pamba, mwanzo hakuuona. Na sikukimbilia chooni, jamani. Nilitembea. Haraka.

Mwezi mzima tulichoma machungwa sindano za mazoezi, na mimi ndiye niliyesifiwa: mkono mwepesi, nyuzi 90 zilizonyooka. Chungwa bwana ni mgonjwa mzuri, halikazi makalio wala halina maoni.

Jumatatu nikapewa mtu. Konda wa daladala, ana ule ugonjwa wa moyo unaoanzia kwenye mafindofindo ya utotoni, kila baada ya wiki 4 anachomwa penadua, ile penisilini inayokaa mwilini muda mrefu. Mliowahi kuichanganya mnaijua: unga ukikutana na maji unakuwa tui zito, ukizubaa linaziba sindano. Mwenyewe akaniambia huku anafungua mkanda: "Dada nesi, kaza hapo shingoni, sindano inapoingia kwenye bomba. Halafu ukishaondoka usisimame vituoni."

Nikacheka. Shingoni sikukaza. (Mwaka wa kwanza, bomba zetu hazina hesi za kufungia kama skrubu, sindano unaisukuma huku unaizungusha mpaka ikamate. Andikeni.)

Haya. Nikaligawa kalio mafungu manne, nikachagua la juu kwa nje, mbali na ule mshipa mkubwa wa fahamu. Spiriti, nikasubiri ikauke. Nikaingiza. Nikavuta kidogo, damu hakuna. Inchaji, nesi msimamizi wetu, ameinama ubavuni kwangu, miwani imekaribia mkono wangu, anaitikia kwa kichwa kama mama mkwe aliyeonja pilau likamkubali.

Nikasukuma. Haiendi. Nikasukuma tena, kidole gumba kikafa ganzi, glovu zimejaa jasho. Hapo mwenye akili anachomoa, anaanza upya na vifaa vipya. Mimi nikaongeza gumba la pili.

Pyuuu.

Bomba likabaki mkononi, tupu. Sindano ikabaki kwenye kalio, imesimama peke yake na shingo yake ya kijani, inachezacheza. Tui lote liko kwenye miwani ya inchaji. Nikaliona tone linateremka kwenye kioo, taratibu, likafika ukingoni, likaning'inia, likafikiria, likadondokea kwenye beji.

Konda hajageuka. Akauliza akiutazama ukuta: "Dada, mbona huku nyuma kumenyesha?"

Kwa kiwewe nikaichomoa ile sindano, na mkono wa pili ukaenda wenyewe kwenye kifuniko. Kuifunika sindano iliyotumika, nijichome! Mimi, niliyelipata swali hilohilo kwenye mtihani! Inchaji, vioo vyote viwili vyeupe, akanguruma: "USIFUNIKE! SEFTI BOKSI!" (Ndilo boksi la kutupia sindano zilizotumika.) Mpaka leo sijui alionea wapi.

Mengine ya kawaida. Dawa mpya, bomba jipya, sindano mpya, akachoma mwenyewe kabla sijamaliza kumeza mate; mimi nikapewa kitambaa nifute ukuta. Konda akatoka anachechemea, anacheka, anauliza zimamoto wanaingia zamu gani wiki 4 zijazo. Kwa hiyo hata jina ni la kwake, mtangazaji wenu kaiba tu.

Sasa kumbe daladala lake ndilo la njia ya chuoni. Leo asubuhi limesimama kituoni, kichwa kikachomoza mlangoni, kituo kizima kinasikia: "Zimamoto! Siti ipo!"

Nimekuja kwa miguu.