Ndoo Ile Ile, Sinki Lile Lile

Mama mkwe alituma ujumbe Ijumaa jioni kwamba Jumapili angefika, alale kwetu siku tatu. Mke wangu akausoma kwa sauti, akanitazama, akautazama mlango wa bafu, akanitazama tena.

"Baba watoto, kesho bafu ni lako. Nimesema safisha. Sijasema tengeneza."

Nikaitikia vizuri tu, kama mtu aliyesikia.

Jumamosi saa 3 asubuhi nilikuwa mlangoni, glavu za mpira mikononi, nimevaa kaptula nyeusi ninayoipenda kuliko nguo zangu zote. Na nisijidharau sana: mambo mengine nilikuwa nayajua. Kwanza, bafu huanza kusafishwa likiwa kavu. Unatoa kila kitu nje, hata kipande cha sabuni, unafagia nywele na vumbi mpaka nyuma ya choo, ndipo maji yaingie. Ukitanguliza maji, nywele zinalowa, zinashikana na povu na kunata kwenye vigae kama zimeshonewa, na ufagio unazihamisha tu kutoka pembe hii kwenda ile. Pili, unashuka kutoka juu: dari na taa, kuta, sinki, choo, sakafu mwisho, ukirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Hayo yote niliyafanya kwa mpangilio wake.

Vitu nilivyotoa vilijaa korido. Chupa 9 za shampuu, kila moja imebaki na kidole kimoja. Nyembe zenye kutu. Krimu ambayo mgongoni ina kimchoro cha kopo lililo wazi na maandishi "12M", yaani miezi 12 tangu siku ya kufunguliwa. Hiyo tuliifungua kitinda mimba wetu akiwa anatambaa, na sasa anaendesha baiskeli. Vidonge vya maumivu navyo vilikuwa humo, na bafuni si mahali pa dawa, kwa kuwa mvuke na joto huziharibu kabla ya tarehe yake. Nikavihamishia chumbani, juu ya kabati, watoto wasikofika. Vilivyobaki ni vile tu vinavyotumika kila siku, na bafu likaonekana limeongezeka ukubwa. Hapo ndipo kichwa kikanivimba.

Nilikuwa nimeona picha ya bafu moja lenye chupa nyeupe za kupuliza, zinafanana, zimepangwa mstari kama wanafunzi wa gwaride. Nami nilikuwa nazo tatu. Ya kwanza nikatia siki nyeupe ya asilimia 5 na maji, nusu kwa nusu, kwa ajili ya ukoko wa chokaa kwenye ukuta wa kioo wa kijichumba cha kuogea. Ya pili, maji ya vuguvugu na matone machache ya sabuni ya vyombo. Ya tatu, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, vijiko 4 vya chai kwa lita 1 ya maji ya baridi, kwa ukungu mweusi ulioota kati ya vigae. Maji ya moto huidhoofisha. Na hata ukiichanganya sawasawa, kesho yake imepungua nguvu, kwa hiyo huchanganywa ya siku hiyo hiyo na inayobaki humwagwa. Chupa maridadi ya kuihifadhia ni kazi bure.

Kibandiko sikuweka. Kibandiko kingeharibu sura. Kushoto siki, katikati sabuni, kulia klorini. Nani atasahau vitu vitatu? Kisha nikaziinua zote ili nifute rafu, nikazirudisha.

Kichwa cha bomba la mvua kilikuwa kinarusha maji pembeni, tundu nyingi zimeziba. Nikajaza siki isiyochanganywa kwenye mfuko wa plastiki, nikakizamisha humo, nikaufunga mfuko kwa mpira shingoni. Saa 1 inatosha. Bomba la rangi ya dhahabu usiliache humo usiku kucha, asidi itakula rangi yenyewe. Koki nikazizungushia karatasi ya chooni iliyolowa siki, kioo nikakipulizia chote. Ukisogeza uso karibu utaona ukoko unatoa vipovu vidogo sana. Ndiyo chokaa inayeyuka, na kinachotakiwa kwako hapo ni kukaa mbali ufanye subira.

Ila saa 1 ni ndefu mno kwa mtu mwenye spana.

Sinki letu la kunawia lilikuwa linameza maji kwa kusitasita. Mwenye busara angeanza na kizibo. Chini ya sinki, nyuma ya bomba la wima, kuna kijiti cha mlalo kimeshikwa na nati ndogo; unailegeza kwa vidole, unakivuta kidogo, na kizibo kinatoka kwa juu kikiwa na ndevu. Mara nyingi tatizo lote liko hapo, na dakika 5 zinatosha. Mimi nikalala chali chini ya sinki nikaenda moja kwa moja kwenye trapu, ile kona ya bomba iliyopinda kama herufi U. Kona hiyo hubaki na maji makusudi, yazuie harufu ya bomba la maji taka isipande ndani. Nikaweka ndoo chini yake, kama inavyotakiwa. Nikafungua nati mbili kubwa za plastiki kwa mkono, kinyume cha saa, nikaishusha trapu taratibu.

Kilichotoka sikiwezi kukieleza vizuri. Kilikuwa na urefu wa kiganja, cheusi, kinateleza, nywele zilizosukwa na dawa ya meno ya miaka. Watoto waliitwa kuja kukiona. Nikakitupa kwenye taka, nikaisugua trapu kwa brashi ya meno iliyostaafu, nikajisikia daktari aliyetoka chumba cha upasuaji.

Ndoo ilikuwa na maji yale meusi, robo hivi. Sasa, maji machafu yakiwa mkononi na sinki liko mbele ya uso, mkono hauombi ruhusa. Nikayamwaga kwenye sinki.

Kwa sekunde moja nilifurahi kwa dhati. Maji yalizunguka, yakaingia tunduni moja kwa moja bila kusita hata kidogo. Nikasema kwa sauti, "Limezibuka!" Miguu ikapata habari kabla ya kichwa.

Mke wangu akapita koridoni. "Baba watoto, unasafisha au unatengeneza?"

"Nasafisha."

Na nilikuwa nasafisha kweli. Nilichukua tambara nikadeki sakafu yote, maji ya harufu ile nikayakamulia ndooni, pole pole, bila kulalamika. Ndoo ilipofika tena robo, nikasimama, nikanyoosha mgongo, nikageuka, nikaimwaga kwenye sinki.

Safari hii sikusema neno. Nilisimama tu, vidole vya miguu vikiogelea, nikiitazama ile trapu imelala juu ya gazeti, imetakata, haina kosa lolote.

Kuirudisha kuna kanuni zake. Kila nati ina washa, yaani pete ndogo ya plastiki, yenye upande mpana na upande mwembamba. Mwembamba uelekee ndani ya kiungo. Moja niliigeuza, ikaanza kudondosha tone kila baada ya muda. Kuikaza zaidi si dawa, utapasua nati ya plastiki. Unafungua, unaigeuza washa, unakaza kwa mkono mpaka ishike, kisha unaongeza robo mzunguko basi. Utepe mweupe wa mafundi hauhitajiki hapo, washa yenyewe ndiyo inayoziba. Ukimaliza fungulia maji dakika nzima, yaijaze ile U, halafu zungushia karatasi kavu ya chooni kwenye kila nati. Jicho linaweza kudanganywa na unyevu, ila karatasi ikipata hata chembe ya maji inabadilika rangi hapo hapo. Yangu ilibaki kavu. Nikairudia mara tatu kwa furaha.

Saa 1 ya siki ilikuwa imepita zamani. Nikaondoa mfuko, nikakisugua kichwa cha bomba, tundu zikafunguka. Kilichobaki ni kioo, kipuliziwe maji ya sabuni, kisuguliwe, kioshwe, kikaushwe kwa ule mpira wenye mpini. Nikaingia kwenye kile kijichumba cha kuogea, nikanyoosha mkono rafuni nikachukua chupa ya katikati, nikapuliza mara nne, nne kubwa, juu ya kioo kilichojaa siki.

Ilikuwa klorini.

Harufu ilikuja kama ya bwawa la kuogelea, lakini bwawa lililokasirika. Pua ikafunga, koo likawasha, macho yakatoka maji. Klorini ya nguo ikikutana na asidi, hata siki ya nyumbani, hutoa gesi ya klorini. Ikikutana na amonia, ambayo imo kwenye baadhi ya dawa za kusafishia vioo, hutoa gesi nyingine ambayo nayo inashika kifua. Na zile dawa za choo za kuondoa ukoko nyingi zina asidi kali kuliko siki mara nyingi, kwa hiyo hizo na klorini ni mwiko kabisa. Mimi nilipona kwa sababu ni mipulizo minne tu na mlango ulikuwa wazi. Nilitoka mbio, nikapita katikati ya chupa 9 za shampuu kama mpira unaopita kwenye miguu ya mabeki, nikasimama uani nakohoa.

"Nini tena?" mke wangu akauliza.

"Hewa," nikasema. "Nimetoka kupata hewa."

Ukipatwa na hili, usirudi kuokoa tambara. Toka, watoe wengine, fungua milango na madirisha, ngoja harufu iishe kabisa, ndipo uingie kumwagia maji mengi mpaka yote yaende. Macho yakiwasha, yaoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Kifua kikibana au kikohozi kisipokoma, nenda hospitali. Nilikaa nje kama nusu saa, na hapo uani, kwenye mwanga wa jua, ndipo nilipoiona kaptula yangu. Paja lote la kulia lilikuwa na vitone vya rangi ya machungwa. Watu husema klorini inatia doa. Haitii kitu, inanyang'anya rangi, na ikishanyang'anya hairudishi. Mtoto mdogo akanizunguka mara moja akaamua: "Baba ana kaptula ya chui."

Mchana nilimaliza kazi kwa unyenyekevu. Baada ya kuosha kila kitu kwa maji mengi, klorini nikaitumia pale tu palipostahili, kwenye mistari ya ukungu. Nikaiacha dakika 10, nikasugua kwa brashi ya meno, nikaosha, na siki haikuwepo hata karibu. Mistari ikawa meupe. Mke wangu akasimama mlangoni, akanusa, akakubali kwa kichwa. Ningeenda kulala hapo.

Lakini kulikuwa na rafu mpya, ya vinyonyo vya mpira, ile inayobandikwa ukutani bila msumari. Vinyonyo hushika kwa kuwa hewa ya chini yake imebanwa ikatoka, kwa hiyo vinataka kigae laini, kisicho na mafuta, kilicho kavu kabisa. Nilivibandika kwenye kigae chenye maji. Kimoja kilikaa juu ya mstari wa grauti, ule mchanganyiko unaojaza nafasi kati ya vigae, ambao kwa kinyonyo ni sawa na dirisha lililo wazi. Nikapandisha juu yake chupa 4 za lita moja moja, karibu kilo 4. Ikashika. Jumapili mama mkwe alifika, akaoga, akatoka anatabasamu, akasema, "Bafu lenu linapendeza, mwanangu." Nikashusha macho kwa adabu.

Saa 8 usiku nyumba ilitikisika. Mama mkwe akapiga kelele, "Mwizi! Mwizi bafuni!" Nikaruka kitandani nikiwa na kaptula ya chui, nikashika kitu cha kwanza nilichokigusa, kikawa brashi ya choo mpya niliyosahau kuipeleka mahali pake, nikaingia gizani kwa kishindo. Mwizi hakuwepo. Shampuu ilikuwepo, imetandaa sakafu nzima. Niliteleza kutoka mlangoni mpaka kwenye choo nikiwa nimekaa.

Taa ikawashwa. Mama mkwe alikuwa mlangoni, kanga begani, ndara mkononi tayari kwa vita. Aliitazama rafu iliyolala, akaitazama kaptula, akaitazama brashi.

"Mwanangu," akasema taratibu, "saa hizi unasafisha au unatengeneza?"

Nyuma yake mke wangu alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

Nilipoamka asubuhi bafu lilikuwa limeshadekiwa. Chupa mbili zilikuwa rafuni, ile ya ukutani yenye skrubu, kila moja imezungushiwa utepe wa karatasi wenye mwandiko wa mama mkwe, herufi kubwa zilizonyooka: SIKI. SABUNI. Ya tatu ilikuwa imeoshwa, imepinduliwa kichwa chini. Nikainama chini ya sinki kuchukua ndoo nianze siku. Nayo ilikuwa na utepe wake, mrefu kuliko ile mingine:

CHOONI, BABA. MWAGA CHOONI.