Pesa ya mawe ya Yap: ikihama kisiwani, ni pesa bado?

Mtu aliyezoea sarafu za kutosha kiganjani, siku akiiona pesa ya Yap huduwaa. Ni gurudumu la mawe chokaa lenye tundu katikati la kupitishia gogo la kubebea. Mengine ni madogo kama sahani. Kubwa kuliko yote lina upana wa karibu mita 3.6 na uzito wa tani 4 hivi. Yameegemezwa kandokando ya njia za vijiji kule Yap, kisiwa cha Shirikisho la Mikronesia katika bahari ya Pasifiki, na kwa matumizi ya kila siku watu wana dola ya Marekani. Mawe hutumika kwa mambo mazito: ndoa, ardhi, kupatanisha waliokosana.

Wakusanyaji wa pesa za kale wanayatamani, nami siwalaumu. Wana hoja pia. Baadhi ya mawe yalikwisha kutoka kisiwani zamani, na lile lililoko kwenye makumbusho ya Benki Kuu ya Kanada, Ottawa, limewafunza wengi kwamba pesa si lazima iwe noti wala sarafu. Tena, familia yenye shida ikiamua kuuza mali yake, nani wa kuizuia?

Hoja hiyo ya mwisho ina uzito. Lakini tutazame thamani ya jiwe inatoka wapi.

Yap haina mawe ya aina hiyo. Yalichongwa visiwani Palau, zaidi ya kilomita 400 kutoka Yap, yakavushwa kwa mitumbwi na rafu, na watu wakafa njiani. Mwaka 1871 akafika David O'Keefe, baharia mzaliwa wa Ireland. Akawapa watu zana za chuma na nafasi kwenye meli yake, wao wakamlipa kwa mbata na majongoo bahari. Mawe yakaongezeka, tena makubwa mno, ila Wayap wenyewe waliyahesabu ya chini kuliko yale ya zamani yaliyotolewa jasho. Mgeni anayepima kwa futi anaweza kulipia sana jiwe ambalo kwao ni la kawaida tu.

Furness, Mmarekani aliyefika Yap mwaka 1903, alisimuliwa habari za familia iliyohesabiwa tajiri kwa jiwe lililozama baharini vizazi kadhaa nyuma. Walioshuhudia walisema lilikuwa kubwa na halikupotea kwa uzembe, basi likaendelea kuwa mali ya familia hiyo, ingawa hakuna aliyeliona tena.

Hapo ndipo ninapoegemea upande wa Yap. Mkusanyaji makini hulipia historia: kitu kilitoka mkono upi kikaingia upi. Kwa sarafu, historia hiyo huandikwa kwenye karatasi za mnada. Kwa jiwe la Yap imo vichwani mwa wanakijiji, na jiwe hata likibadili mmiliki kwa kawaida husalia palepale lilipo. Ukilipandisha melini umewaacha mashahidi wake gatini. Hata familia inayouza haiwezi kumfungashia mnunuzi kumbukumbu za majirani.

Kwa hiyo naunga mkono sheria inayoyalinda yasitolewe kisiwani kiholela. Kwa yaliyokwisha kutoka, aliye nalo angeanza kwa kuuliza Yap lilikuwa la nani na lililipia nini, wakati wazee wanaokumbuka wangalipo, na jibu hilo liandikwe kando ya jiwe.