Cha Pili Kiko Wapi?

Sisi waandishi wa riwaya za mapenzi tunaupenda mno msemo wa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Unatufaa. Unaturuhusu kujifungia na wahusika wetu na uvivu wetu tukauita staha. Mimi niliuegemea miaka miwili mizima baada ya kutoa riwaya yangu ya kwanza. Kisha nikazinduka na kurukia upande wa pili kwa kishindo: kila siku picha ya jalada, kila wiki punguzo la bei, kila jamaa mwenye simu kaletewa kiungo cha kununulia. Wengine waliacha kunijibu hata salamu.

Siku moja msomaji nisiyemjua akaniandikia mstari mmoja: "Nimekimaliza usiku huu. Cha pili kiko wapi?"

Cha pili hakikuwepo. Muda wa kukiandika nilikuwa nimeumalizia kukipigia debe cha kwanza.

Tangu hapo, mtu akiniuliza aanzie wapi kutangaza riwaya yake, namuuliza ana vitabu vingapi. Kama ni kimoja, namshauri fedha ya matangazo abaki nayo mfukoni, arudi kuandika. Jibu hili huwaudhi watu, lakini hesabu yake ni nyepesi. Msomaji wa mapenzi husoma kwa kasi, na akimpenda mwandishi humsoma wote, mpaka vile vitabu ambavyo mwandishi mwenyewe anavionea haya. Gharama ya kumvuta mlangoni ni ileile, awe atakuta kitabu kimoja au vitano. Kwenye kimoja, ni vigumu tangazo kurudisha fedha yake. Kwenye vitano, cha kwanza unaweza kukigawa bure na bado ukapata faida.

Tazama kisa cha Colleen Hoover, mwandishi wa Marekani wa riwaya za mapenzi, ambacho kila mtu hukitaja kama muujiza wa TikTok. Alianza kwa kujichapishia mwenyewe mwaka 2012. Riwaya yake iliyopanda chati kwa kishindo mwaka 2021 ilikuwa imetoka 2016. Watu huona miaka mitano ya kusubiri bahati. Mimi naona vitabu alivyoendelea kuvitoa wakati huo wote, hata wasomaji walipomiminika wakakuta kabati limejaa. Upepo ulimkuta ameshatweka tanga. Mwenzake Nora Roberts naye alianza 1981 na leo vitabu vyake vimepita 200. Mwaka 1995 akajiongezea jina la J.D. Robb kwa riwaya za upelelezi, na hivyo msomaji akajua anachokwenda kukuta kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Simwambii mtu atoe vitabu 200. Nusu ya ninaowajua wangelazwa.

Jambo hilo la msomaji kujua anachokwenda kukuta ndilo tunalolikosea zaidi. Romance Writers of America, chama kilichoanzishwa Marekani mwaka 1980, kiliifafanua riwaya ya mapenzi kwa mambo mawili: penzi ndilo kiini cha hadithi, na mwisho uridhishe na uwe na matumaini. Wasomi huicheka fasili hiyo, wakisema kama mwisho unajulikana, hadithi ya nini? Lakini msomaji wetu hanunui mshangao wa mwisho. Ananunua njia ya kufika, na njia hizo anazijua kwa majina: maadui wanaogeuka wapenzi, ndoa ya mkataba iliyoota mizizi, wapenzi wa zamani waliokutana tena baada ya miaka kumi. Jalada, jina la kitabu na maneno ya nyuma vina kazi moja tu, kumwambia ni njia ipi. Nimeona majalada ya giza na damu kwenye hadithi tamu za uchumba, halafu mwandishi analalamika kwamba wasomaji hawaelewi sanaa.

Na ukimuua shujaa ukurasa wa mwisho, hiyo ni tanzia. Iandike, iuze kwa jina hilo. Ukiiita riwaya ya mapenzi umemlaghai mtu, na hatarudi kuangalia kitabu chako cha tatu.

Sasa mikataba, mahali ambapo moyo wa mwandishi huwa laini kuliko wa wahusika wake. Jane Austen, mwandishi wa Uingereza, alitoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1811 akibeba mwenyewe hasara kama ingetokea, na hakimiliki ikabaki kwake. Toleo la kwanza likaisha, akapata faida ya paundi 140. Ya pili, Pride and Prejudice, aliiuza pamoja na hakimiliki kwa paundi 110, ingawa alitaka 150. Ikatoka 1813 na kuchapwa tena mwaka uleule, yeye bila kuongezewa hata senti. Hiyo ndiyo riwaya yake inayopendwa kuliko zote! Kwa hiyo ukiletewa karatasi utie saini, uliza haki zinarudi kwako lini na kwa sharti gani, na kama kitabu cha sauti, tafsiri na filamu navyo vimeingizwa humo kimyakimya. Mchapishaji asiyependa maswali hayo amekwisha kukujibu.

Kujichapishia nako kuna mkataba, ila tunaubonyeza bila kuusoma. Amazon hutoa mrabaha wa asilimia 70 kwa kitabu cha kielektroniki kinachouzwa kati ya dola 2.99 na 9.99 katika masoko yake mengi, na 35 nje ya hapo. Ukiingiza kitabu Kindle Unlimited, mpango wa Amazon ambao msomaji hulipa ada ya mwezi na kusoma apendavyo, unalipwa kwa kurasa zilizosomwa, na kwa siku 90 nakala hiyo ya kielektroniki huruhusiwi kuiuza kwingine. Kwa mwenye mfululizo mrefu mpango huo si mbaya hata kidogo, nami nimeutumia. Ninachokataa ni kuugeuza kuwa kazi yako yote, kwa sababu masharti hubadilishwa na wenye duka na wewe unapelekewa taarifa tu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Kitu pekee katika biashara hii ambacho ni chako ni vitabu vyenyewe na orodha ya barua pepe za wasomaji. Ukurasa wa mwisho wa kila riwaya, pale msomaji angali anafuta machozi ya furaha, muombe anwani yake na umpe sura moja ya ziada kama shukrani. Mia wanaongoja barua yako ni bora kuliko maelfu wanaopitisha kidole juu ya picha.

Mimi hili nilijifunza nimechelewa. Cha pili kilipotoka, miezi kumi na minne baadaye, mtu wa kwanza niliyetaka kumpa habari alikuwa yule msomaji wa usiku. Ujumbe wake ulikuwa kwenye akaunti iliyokuwa imeshafungwa, na anwani yake sikuwahi kuiomba.