Ooty: magari yahesabiwe, lakini hesabu iwe ya haki

Ukitoka Coimbatore kwenda Ooty, mji wa milimani kusini mwa India, mwezi wa Mei, joto unaliacha Mettupalayam, chini ya mlima. Magari hayakuachi. Kona ni kali, upande mmoja ukuta wa mwamba na upande wa pili bonde, na gari moja likichemsha injini, yote ya nyuma yanasimama.

Ndiyo maana Mahakama Kuu ya Madras iliamuru kwamba kuanzia Mei 7, 2024, gari la mgeni lisiingie wilaya ya Nilgiris, ambamo Ooty ipo, bila kibali kinachoombwa mtandaoni. Mwaka uliofuata ikaweka na idadi: tangu Aprili hadi Juni, magari 6,000 kila siku ya kazi na 8,000 kila siku ya mwisho wa wiki. Mabasi ya abiria na magari ya wenyeji hayamo katika hesabu hiyo. Mapema Aprili 2025 wafanyabiashara wakafunga maduka siku nzima kupinga.

Kilio chao si cha uongo. Ooty inaishi kwa msimu. Aprili na Mei shule zimefungwa, tambarare zinaungua, na familia zinapanda mlima kutafuta ubaridi. Anayeuza chokoleti, vichupa vya mafuta ya mkaratusi, au varkey, zile biskuti kavu za matabaka, anachuma sasa cha kumvusha miezi ya mvua. Dereva wa teksi ana mkopo wa gari unaomsubiri kila mwezi. Mgeni akikosa kibali anakwenda mji mwingine, na fedha yake inakwenda naye.

Lakini mlima nao una kiasi chake. John Sullivan, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa Coimbatore, alianza kujenga nyumba yake ya mawe hapa mwaka 1822, mita 2,240 juu ya bahari, na wenzake wakamfuata kukimbia joto la Madras. Waliwakuta Watoda, wenyeji wa milima hii, wakichunga nyati wao kwenye nyasi pana. Mabondeni palikuwa na misitu mifupi iitwayo shola, ambayo hunywa mvua na kuiachia kidogo kidogo vijitoni. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ikageuzwa mashamba ya chai na mikaratusi, mti uleule tunaoulaumu Tanzania ukipandwa kwenye vyanzo vya maji. Kwa hiyo mji unapokea umati huu wakati hifadhi yake ya maji imeshapunguzwa.

Upande wa Masinagudi, kijiji kilicho chini ya mlima, wako tembo. Oktoba 2020 Mahakama ya Juu ya India iliunga mkono ulinzi wa njia yao, ambako nyumba za wageni zilikuwa zimejengwa. Na tangu 2009 barabara ya kwenda mji wa Mysuru, inayopita hifadhi ya wanyama ya Bandipur, hufungiwa magari kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Ooty haikukosa wageni kwa sababu hiyo.

Mimi naunga mkono kikomo. Kinachonisumbua ni namna ya kuhesabu. Gari dogo lenye watu wawili linachukua nafasi moja, na gari la kukodi lenye watu kumi na wawili nalo nafasi moja. Hapo mlima haujapata nafuu na muuza chai amepoteza wateja kumi. Magari yaliyojaa yangepewa kipaumbele, na mabasi yaongezwe.

Treni pekee haitoshi, ingawa ndiyo safari nzuri kuliko zote. Njia yake ya kilomita 46, kutoka Mettupalayam hadi Ooty, ilikamilika 1908. Kuanzia kituo cha Kallar hadi Coonoor, katikati ya reli mbili kuna chuma chenye meno. Gurudumu la injini linayang'ata meno hayo na kusukuma mabehewa kutoka nyuma, polepole kiasi cha abiria kuhesabu majani ya michai. Mabehewa yake ni machache, na msimu ukifika tiketi huwahiwa mapema.

Mgeni aliyepanda kwa basi atashuka stendi ya Ooty bila gari. Bado anataka kufika kilele cha Doddabetta, bwawa la Pykara na mashamba ya chai ya Coonoor. Atamtafuta yuleyule dereva wa teksi aliyekuwa akilia.